Dawa na Sala Havigombani: Tujifunze kwa Flannery O'Connor

  Huenda unasubiri ibada ya pili pale Kibiti mjini, au uko Bungu, Ikwiriri ama Utete. Huenda uko huko Salale, Mbuchi au Maparoni, ambako mtu hawezi kupanga safari ya kanisani wala ya zahanati bila kutazama kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa.

Leo tutafakari habari ya mgonjwa. Si mgonjwa aliyeombewa akasimama siku ileile, maana hao tunawasikia kila wiki. Ni mgonjwa aliyeomba miaka mingi, akameza dawa miaka mingi, asipone, na bado akamaliza kazi aliyopewa na Mungu. Nadhani katika kila kanisa letu yupo mmoja wa namna hiyo, ameketi benchi la nyuma, na mara nyingi hatuna neno la kumwambia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yapo maradhi ambayo methali hii kwayo ni kweli tupu. Mungu ameuwekea mwili askari wake, yaani kinga, wapambane na vijidudu vinavyoingia. Lakini kwa baadhi ya watu askari hao hupoteza njia, wakaugeuzia silaha mwili uleule waliowekwa kuulinda. Ugonjwa mmoja wa aina hii huitwa lupasi. Hushambulia viungo, ngozi, damu na figo, na kwa wengine huufanya moyo au utando unaouzunguka uvimbe, hata kuvuta pumzi kukawa maumivu.

Upo mwingine wa ukoo huohuo ambao kwetu Tanzania huwapata zaidi watoto na vijana. Ni homa ya rumatiki, ambayo wengine huiita homa ya baridi yabisi. Mtoto huanza kwa kuumwa koo kwa sababu ya bakteria. Koo linapoa bila dawa, mama anashukuru, wote wanasahau. Baada ya wiki mbili au tatu goti linavimba, kisha kiwiko, homa inapanda. Kinga iliyoamshwa na wale bakteria sasa inaushambulia moyo, hasa milango yake, yaani valvu. Viungo hupona. Moyo huweza kubaki na kovu, na kovu hilo linaonekana miaka kadhaa baadaye, msichana anaposhindwa kupanda ngazi au mjamzito anapokosa pumzi.

Sasa sikiliza habari za mwanamke mmoja aliyeijua vita hii ya mwili na mwili.

Jina lake kamili lilikuwa Mary Flannery O'Connor. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1925 katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mtoto pekee wa Edward na Regina, Wakatoliki katika nchi iliyojaa Wabaptisti. Alipokuwa mtoto alipenda kuku kuliko wanasesere. Alipofika miaka mitano wapiga picha za sinema walikuja nyumbani kwao kumpiga picha yeye na kuku wake aliyefundishwa kutembea kinyumenyume.

Furaha ile haikudumu. Baba yake alianza kudhoofika, na tarehe 1 Februari 1941 akafariki kwa ugonjwa wa lupasi. Flannery alikuwa na miaka 15. Wakati ule madaktari walikuwa na jina la ugonjwa, lakini dawa ya kuuzuia hawakuwa nayo.

Binti akasoma, akamaliza chuo mwaka 1945, akaenda jimbo la Iowa kujifunza uandishi. Huko aliandika daftari la sala, ambalo lilichapishwa mwaka 2013, miaka mingi baada ya kifo chake. Ndani yake utamkuta kijana wa miaka 21 akimwomba Mungu bila aibu amfanye mwandishi mzuri, na papo hapo akiogopa asije akajitanguliza mbele ya Mungu. Baada ya Iowa alikwenda kaskazini, akaishi na kuandika Connecticut katika nyumba ya rafiki zake, Robert na Sally Fitzgerald. Njia ilionekana imenyooka.

Desemba 1950, akiwa na miaka 25, mikono ilianza kuwa mizito kwenye mashine ya kupigia chapa. Alipanda treni kwenda nyumbani kwa Krismasi, na aliposhuka alikuwa amechoka na kukunjamana kama kikongwe. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa viungo tu. Daktari wa Atlanta, Arthur Merrill, ndiye aliyetambua kuwa ni lupasi, ileile iliyomchukua baba.

Hapa msomaji wangu tusimame kidogo. Mama yake alipoambiwa, aliamua kumficha. Mwelewe mama huyu: alikuwa amemzika mume kwa ugonjwa huo, na sasa mtoto wake pekee yuko kitandani, homa kali, nywele zimedondoka, uso umevimba kwa dawa. Aliona kwamba ukweli ungemuua binti kabla ya ugonjwa. Basi Flannery aliishi zaidi ya mwaka akiamini ana baridi yabisi, akipanga kurudi kaskazini pindi atakapopata nafuu. Ni Sally, yule rafiki, aliyeamua kumwambia katika kiangazi cha mwaka 1952. Flannery alishtuka, lakini alimshukuru. Tangu hapo aliacha kupanga maisha ya mtu mwingine, akaanza kuyapanga ya kwake.

Wangapi tunafanya kama mama Regina? Mgonjwa ni mtu mzima, lakini cheti kiko mkobani kwa shangazi. Majirani wanajua, mchungaji anajua, mgonjwa hajui. Tunasema tunamhurumia. Lakini asiyejua anachoumwa atajuaje kwamba dawa hii haiachwi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo inatuhusu hata tunapomficha mwingine.

Kilichomwokoa Flannery kilikuwa homoni iitwayo ACTH, iliyotolewa kwenye tezi za nguruwe waliochinjwa. Madaktari walianza kuitumia kwa magonjwa ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1940. Baba alikufa mwaka 1941. Binti aliugua mwishoni mwa 1950. Tofauti ya miaka hiyo michache ndiyo iliyokuwa tofauti ya kaburi na uhai. Flannery alijifunza kujidunga sindano mwenyewe. Hakuona aibu kuwa uhai wake unategemea tezi ya mnyama; alilifanyia mzaha jambo hilo.

Alikaa na mama yake katika shamba lililoitwa Andalusia, nje kidogo ya mji mdogo wa Milledgeville. Mama aliendesha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Binti alifuga bata, kuku na tausi, na tausi wale wakafika makumi. Hospitali kubwa ilikuwa Atlanta, umbali wa kilomita 150 hivi. Wewe unayeamka alfajiri Kibiti kuwahi kliniki Muhimbili, au unayevuka kwanza kwa boti hadi Nyamisati kabla ya kutafuta gari, unaijua safari ya namna hiyo bila kuelezwa.

Siku yake ilikuwa hivi: asubuhi na mapema sala, kisha misa mjini na mama yake, kisha meza ya kuandikia kwa saa mbili au tatu. Baada ya hapo nguvu zilikuwa zimekwisha. Mchana alipumzika, akajibu barua, akapokea wageni barazani. Hakuzipigia kelele saa ambazo hakuwa nazo. Alizilinda zile chache alizokuwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1952, mkusanyiko wa hadithi fupi mwaka 1955, riwaya ya pili mwaka 1960. Kuanzia mwaka 1955 alitembea kwa magongo, kwa sababu mfupa wa nyonga ulikuwa umeharibika, na kwa magongo hayo alisafiri vyuo vingi kutoa mihadhara.

Mwaka 1958 ndugu mmoja tajiri alimlipia safari ya Lourdes, Ufaransa, mahali ambapo wagonjwa huenda kuoga maji na kuombewa. Flannery hakutaka kuoga. Aliogopa kuonekana anajionyesha, na aliona kuna wagonjwa kuliko yeye. Alishawishiwa, akaingia majini. Baadaye alieleza kwamba pale aliombea zaidi kitabu alichokuwa anaandika kuliko mifupa yake. Mwishoni mwa mwaka ule daktari aliona mfupa wa nyonga umeanza kuimarika kidogo, naye akapokea nafuu hiyo kwa furaha. Haikudumu. Hakumshitaki Mungu, wala hakuacha matibabu wakati wa nafuu wala baada yake.

Miaka miwili hivi baadaye masista waliotunza wagonjwa wa saratani huko Atlanta walimwomba aandike habari za mtoto mmoja, Mary Ann, aliyezaliwa na uvimbe mkubwa usoni, akalelewa kwao, akafariki mwaka 1959 akiwa na miaka 12. Flannery aliwaambia waandike wenyewe, naye akaandika utangulizi wa kitabu chao kilichotoka mwaka 1961. Katika utangulizi huo alipinga huruma isiyo na imani, ile inayomtazama mgonjwa kama kosa la kufutwa. Aliona kwamba kuna upungufu tunaopaswa kupigana nao kwa kila njia, na kuna upungufu unaobaki baada ya kupigana, ambao Mkristo anaweza kuupokea na kuutumia. Utangulizi ule uliandikwa na mtu wa magongo, si na mtu mzima anayefundisha wagonjwa subira.

Nisikufiche upande wa pili. Flannery alikulia katika Georgia ya ubaguzi wa rangi, na ingawa hadithi zake zilikichoma kiburi cha wazungu wenzake, katika baadhi ya barua zake aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Loyola Maryland kiliondoa jina lake kwenye bweni moja na kuweka la Sista Thea Bowman, mtawa mweusi aliyehubiri mpaka siku zake za mwisho akiwa na saratani. Maumivu hayamfanyi mtu kuwa malaika. Ajabu ni kwamba katika hadithi yake iitwayo Revelation, iliyochapishwa mwaka 1964, Flannery alichora mwanamke mwenye majivuno anayeona maono: wale aliowadharau wanapanda kwenda mbinguni wakiwa mbele, na watu wa tabaka lake wako mwisho wa mstari. Inawezekana aliona njia ambayo miguu yake mwenyewe haikuwa imeikanyaga yote. Tumwombee, tujiombee.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa uzazi. Upasuaji ulifaulu, lakini lupasi iliyokuwa imelala iliamka. Figo zikaanza kushindwa. Hospitalini alificha karatasi za hadithi chini ya mto, wauguzi wasije wakamnyang'anya kazi. Mwezi Julai aliomba apakwe mafuta matakatifu ya wagonjwa. Tarehe 3 Agosti 1964 akafariki, akiwa na miaka 39. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka uliofuata, na mwaka 1972 hadithi zake zote zilizokusanywa pamoja zikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Mama yake alibaki hadi mwaka 1995.

Hesabu nawe, msomaji wangu. Toka kitanda kile cha mwanzo wa 1951 mpaka kaburi ni miaka 13 na miezi kadhaa. Mfalme Hezekia alipolia mbele za Bwana aliongezewa miaka 15. Na unakumbuka jinsi ilivyokuwa: Mungu alikwisha kusikia sala, neno la kupona limekwisha kutoka, ndipo nabii Isaya akaagiza ubandikwe mkate wa tini juu ya jipu. Soma 2 Wafalme sura ya 20. Sala na dawa zilitoka katika kinywa cha nabii mmoja. Paulo naye, ambaye mwiba wake haukuondolewa ingawa aliomba mara tatu, alisafiri na Luka, tabibu mpendwa. Hakuona aibu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu siku hizi wapo wanaowaambia wagonjwa kwamba kurudi kliniki ni kukosa imani. Kijana aliyekwisha kupata homa ya rumatiki anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, hata anapojisikia mzima, ili koo lisiwaamshe tena askari wale waliopotea. Anaenda mkesha, anatangaziwa amefunguliwa, anaacha sindano. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Ushuhuda unatolewa, watu wanapiga vigelegele. Kisha homa inarudi, na kila inaporudi inaongeza kovu katika milango ya moyo. Siku atakapopelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Muhimbili akihitaji upasuaji, yule aliyemtangaza hayupo kwenye benchi la kungoja. Aliyepo ni mama yake.

Ninaamini Mungu huponya. Lakini anayedai muujiza kwa niaba ya mwingine na kumnyang'anya dawa yake, anatumia moyo usio wake kucheza kamari. Aliyepona kweli, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayeiondoa sindano.

Basi tufanye nini? Wewe mzazi, mtoto akiumwa koo na kupata homa, usimngoje apoe mwenyewe. Mpeleke zahanati, na akipewa dawa amalize zote. Akianza kuvimba viungo kimoja baada ya kingine, au akichoka haraka na kukosa pumzi, usianze kumtafuta mchawi. Omba asikilizwe moyo. Wewe dada ambaye umepimwa ukaambiwa una lupasi, au ambaye maumivu ya kifua na viungo hayapati jina, huna laana. Uliza maswali, shika kadi yako mwenyewe, na usiache dawa kwa sababu uso umevimba. Mwambie daktari kwanza.

Wewe mzee wa kanisa na wewe kiongozi wa jumuiya, orodha ya wagonjwa isisomwe tu madhabahuni. Jiulizeni ni nani analipa nauli. Anayekaa ndani ya delta hulipa boti, kisha gari, kisha chakula cha siku nzima mjini, na sindano yenyewe ni ya dakika moja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti tuliona jinsi njia inavyoweza kukatika ghafla. Mgonjwa wa dawa za kila siku anahitaji mtu wa kumkumbusha achukue za ziada kabla ya masika. Sadaka ya kikapu kimoja kwa mwezi ingetosha kumsafirisha mmoja. Na jirani yako Mwislamu mwenye mtoto wa namna hiyohiyo asibaki nyuma, maana moyo wa mtoto hauna dhehebu.

Na wewe wa benchi la nyuma, uliyeomba ukaombewa, na asubuhi ukaamka na maumivu yaleyale: hukushindwa imani. Hesabu saa zako mbili au tatu, uliza Mungu anataka zitumike kwa kazi gani, kisha zilinde. Ukili unaosuka, darasa la watoto unalofundisha ukiwa umeketi, barua unayomwandikia aliye gerezani, vyote vinaweza kuwa kazi iliyokamilika mbele za Mungu hata kama mwili haujakamilika.

Ee Bwana, uliyeumba mwili na kinga yake, warudishe askari waliopotea katika miili ya watoto wako. Uwape madaktari wetu hekima, wagonjwa wetu uvumilivu wa kumaliza dawa, na makanisa yetu mikono ya kubeba. Na pale unapoacha mwiba ukae, kaa nasi pia. Amina.